Nimeshuka, Coleta

Soko kuu la Sumbawanga lilikuwa limefurika siku hiyo, na upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Coleta alipita katikati ya watu na kikapu chake cha maharage, sweta la kijani juu ya gauni la kitenge, kilemba kimefungwa ilimradi kimefungwa. Alikuwa amechelewa kazini. Mbele ya duka la vitambaa akakuta utepe wa njano umezungushwa mlangoni, akauinua kwa kidole apite chini.

"Dada, usipite hapo!"

Sauti ilitoka juu. Akatazama, akaona buti nzito, kisha ovaroli la bluu, kisha kijana mrefu kwenye ngazi, kofia ngumu kichwani, ufunguo mmoja unaning'inia shingoni kwa kamba.

"Nina haraka, kaka. Kwani mlango wako unauma?"

"Unauma. Na ukishauma hautemi."

"Basi ufunge mdomo."

Kijana alicheka mpaka akalazimika kushika ngazi kwa mikono miwili. Akashuka polepole, akamvusha kwa upande wa pili. "Naitwa Flavian. Natengeneza hii milango ya chuma inayojikunja juu. Shata."

"Mimi sijakuuliza jina."

"Hujaniuliza, lakini utalihitaji ukienda kunisema kwa wenzako."

Loo! Na kweli, Coleta alipofika ghalani, mtaa wa Chanji, hata mizani yake hajaiwasha, alikuwa ameshamsema. Yeye ndiye aliyekuwa anapima mahindi ya wakulima pale kwa Polikarp, mnunuzi wa nafaka, na wapakiaji magunia walimcheka mchana kutwa.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Flavian leo yuko Mpui, kesho Namanyere, keshokutwa mjini, na kila alipomaliza kazi ya juu alipiga.

"Nimeshuka."

"Umeshuka, umeshuka! Mimi ni ngazi yako?"

"Wewe ni zaidi ya ngazi, mama. Ngazi hainipikii."

"Nani kasema nitakupikia?"

Walicheka hivyo wiki kadhaa, mpaka jioni moja Coleta akamuuliza sababu hasa ya neno lile. Flavian alikuwa na mwenzake wa kazi, akasema, anaitwa Victor. Walikuwa wanatengeneza mlango wa duka, Victor mikono yake yote miwili iko ndani ya mashine pale juu. Umeme walikuwa wameuzima. Mtu wa dukani akaona swichi kubwa imezimwa, naye alitaka kuchaji simu yake, akaiwasha.

"Ikawaje?"

"Victor hakushuka mzima. Alizikwa Jumapili."

Tangu siku ile Flavian alikuwa na kufuli lake, jekundu. Kabla ya kupanda alizima swichi kubwa, akaipiga kufuli, akatundika kibao kilichoandikwa USIWASHE, FUNDI YUKO JUU, ufunguo ukaenda shingoni. "Kufuli hilo halifungui mtu mwingine," alisema, "hata awe baba yangu."

Usiku huo Coleta hakulala vizuri, na kuanzia hapo hofu ilihamia kwake. Asubuhi chai yake ilipoa mezani akisubiri simu ilie. Ikichelewa alimwona Victor, ambaye hakuwahi kumwona maishani, na Victor alikuwa na sura ya Flavian.

Sasa, mlango wa ghala la Polikarp nao ulikuwa shata, mpana, lori linapita. Ulikuwa umeanza kelele. Ukipanda ulilia kirrr, halafu katikati, tak. Coleta akamwomba Flavian aje autazame Jumamosi. Siku hiyohiyo baba yake, Mzee Baltazari, alikuwa analeta mahindi kutoka Mpui. Coleta alipanga makusudi, maana mzee alikuwa ameshaambiwa kuna kijana, na alitaka kumwona kwa macho yake.

Mambo yakaharibika kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mlango ulikuwa juu, umetulia, Flavian amesimama kando yake akiukagua. Mzee Baltazari akaingia na koti lake jeusi na kofia yake ya heshima. Coleta akamkimbilia, wakakutana palepale kizingitini, naye akachuchumaa kama alivyofunzwa tangu utoto, akaanza kupiga makofi taratibu, kichwa kimeinama, kumsalimia baba.

"Toka hapo!"

Flavian alimnyakua mkono, akamburuza hadi ndani. Kitenge kikafunguka, kilemba kikaanguka. Mzee akaachwa amesimama na salamu nusu. Flavian hata hakumtazama. Alikuwa amekodoa macho juu ya mlango.

Wote wakangoja. Mlango haukufanya lolote.

"Huyu ndiye?" Mzee Baltazari aliuliza. "Angekuwa mgeni ningesema hajui. Mtu wa Namanyere, Mfipa kabisa, anamkokota binti akimsalimia baba yake! Na yeye mwenyewe hata shikamoo hana!"

Akageuka, akaondoka. Flavian alimkimbilia akiomba radhi, mzee hakusimama. Basi akarudi, akaushusha mlango mpaka chini, akazima swichi, akaipiga lile kufuli lake jekundu. Akamwambia Polikarp mnyororo unaoushikilia mlango umelika, na breki ya kuudaka ukianguka haifanyi kazi. Vipuri ameviagiza Mbeya. Watumie kwanza mlango mdogo wa pembeni. Polikarp akaitikia kwa shingo upande.

Jioni simu ya Coleta ikalia.

"Umenidhalilisha, Flavian."

"Nimekuvuta. Sikukudhalilisha."

"Mbele ya baba! Nimechuchumaa, unanikokota kama gunia!"

"Mlango ulilia."

"Unalia kila siku!"

"Unalia ukipanda na ukishuka. Leo ulilia umesimama, hakuna aliyeugusa. Mnyororo unaruka jino, Coleta. Ukisikia tak mlango umetulia, usitazame juu. Toka."

"Ulishindwa kuniambia kwa adabu?"

"Adabu ingechelewa."

"Basi usinipigie tena!"

Akakata, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira ile ilikuwa ya mtu aliyetaka sana baba yake ampende Flavian.

Jumatatu malori yalipanga foleni hadi barabarani. Polikarp ni mtu mwema, hilo halina ubishi, ila mahindi yakimjaa mbele haoni wala hasikii. Wapakiaji walilalamika kupitisha magunia mlango mdogo, madereva wakapiga honi, na kabla ya saa sita akaitwa mtu na msumeno wa chuma. Kufuli jekundu likakatwa, likaanguka sakafuni. Coleta akaliokota, akalitia mfukoni mwa aproni bila kujua kwa nini.

Mlango ukapanda. Kirrr. Tak.

Siku zile alifanya kazi roho iko mkononi. Mizani yake alikuwa ameisogeza ndani kabisa, akasingizia upepo. Kila gunia lililopita kizingitini alilipitisha kwa macho. Flavian hakupiga, kama alivyoambiwa, lakini ujumbe ulikuja kila siku, neno lilelile. Nimeshuka. Siku moja likaongezeka swali: Kufuli langu bado lipo?

Coleta akaandika, Wamelikata. Akalitazama neno. Akamkumbuka baba yake amesimama na salamu nusu, akalifuta. Jeuri tu, hakuna jina lingine.

Alhamisi Mzee Baltazari alirudi na mzigo wa pili. Hakuongea mengi. Wapakiaji walikuwa wanaingiza magunia yake, moja likapasuka mshono palepale mlangoni, mahindi yakamwagika kizingitini. Wapakiaji wakayaruka tu wakaendelea. Mzee hakuweza. Mkulima gani wa Ufipa ayakanyage mahindi yake mwenyewe? Akapiga magoti, akaanza kuyazoa kwa viganja.

"Baba, acha, nitaleta ufagio."

"Ufagio unachanganya na mchanga."

Mlango ulikuwa juu, umetulia, hakuna aliyeugusa.

Tak.

Coleta alijua. Alitaka kusema baba naomba usogee, alitaka kupata neno la kumstahi mzazi, na mdomo wake ukatoa lile alilokuwa amelichukia.

"Toka hapo!"

Akaruka, akamkamata baba yake kwenye kola ya koti, akamvuta kwa nguvu zake zote. Mzee akaanguka chali juu yake. Mlango ukashuka wote kwa mpigo, kishindo kikatikisa ghala, na vumbi la mahindi likawafunika.

Watu wa nje wakaanza kupiga kelele na kuugonga mlango.

Vumbi lilipotulia, nusu ya kofia ya Mzee Baltazari ilikuwa huku ndani. Nusu nyingine ilikuwa chini ya chuma.

Mzee aliketi sakafuni. Ngumi yake ilikuwa bado imefumba. Akaifungua, punje za mahindi zikamwagika mapajani.

"Umeniambia toka," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Mimi, baba yako."

"Nisamehe, baba. Nisamehe."

Mzee akaitazama kofia yake muda mrefu. "Na yule kijana alikuambia hivyohivyo."

"Ndiyo, baba."

"Mpigie."

Coleta akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, vidole vikagusa chuma cha baridi. Kufuli. Akalitoa, na hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika, maana ile ya mlango ilikuwa imeshapita. Kufuli la Flavian liko hapa. Limekatwa. Alikuwa na moja tu. Na leo yuko Namanyere, kwenye mlango mkubwa, amepanda juu na mikono yake miwili. Swichi ameifunga na nini?

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita tena.

"Hapokei?" Polikarp aliuliza. Alikuwa amesimama pembeni, mikono kichwani, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Hana kufuli!" Coleta alimpigia kelele bosi wake mbele ya watu wote. "Mmelikata! Nikaona, nikanyamaza! Aliniuliza, sikumjibu!"

Mzee Baltazari alimshika binti yake bega, akaanza kusali taratibu kwa Kifipa. Coleta alipiga tena na tena. Alimwona mtu wa Namanyere asiyemjua, ana simu isiyo na chaji, ananyoosha mkono kwenye swichi.

Hatimaye simu ikalia yenyewe.

"Nimeshuka," Flavian akasema. "Coleta? Mbona umepiga hivyo? Simu huwa naiacha chini kwenye begi."

Coleta akaangua kilio.

"Mpenzi, nini? Mlango?"

"Umeanguka. Hakuna aliyeumia. Flavian, umefunga umeme na nini?"

"Nimeng'oa fyuzi zote, ziko mfukoni mwangu. Ningefanyaje, na kufuli liko kwenu?"

"Halipo. Walilikata Jumatatu, na mimi nikakuficha. Nisamehe."

Akasikia vyuma vikitupwa begini. "Nakuja," akasema.

Alifika jua linaelekea kuzama, ovaroli lina grisi, macho mekundu kwa vumbi la barabara. Alipita mlango mdogo, akamwona mzee ameketi juu ya gunia, na papo hapo akainama achuchumae amsalimie.

"Subiri," Mzee Baltazari akasema.

Akainuka, akamshika mkono. Kichwa kikiwa wazi bila kofia, akamtoa nje, wakapita kwenye malori, hadi katikati ya uwanja. Hapo mzee akatazama juu. Palikuwa na mbingu tu.

"Hapa hakuna kitu juu yetu," akasema. "Sasa nisalimie."

Flavian akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kichwa kimeinama. "Shikamoo, baba." Coleta naye akachuchumaa kando yake, na mzee akaitikia salamu zote mbili mpaka mwisho, hakuna aliyemkatiza.

"Mshenga wako aje Mpui," akasema. "Asiogope. Mlango wangu ni wa mbao."

Vipuri vilifika kutoka Mbeya wiki iliyofuata, mnyororo mpya na breki mpya. Asubuhi ya kazi Coleta alikwenda dukani, akanunua kufuli jekundu. Flavian alipozima swichi, akalipiga yeye mwenyewe kwa mkono wake, akalivuta kuhakikisha, akamvisha Flavian kamba ya ufunguo shingoni.

"Hofu haijaisha," akamwambia. "Nadhani haitaisha kamwe. Bado unanitaka hivyohivyo?"

"Nakutaka hivyohivyo, mama."

"Basi panda."

Akapanda. Coleta akavuta kiti, akakiweka mbele ya swichi, akaketi. Polikarp alipita mara moja tu, akakiona kile kiti, akazunguka mbali. Mchana ukapita, chai ikapoa. Aliusikia kila mgongano wa chuma pale juu, na kila mmoja ulimpita moyoni.

Kisha buti zikagusa sakafu nyuma yake.

"Nimeshuka," Flavian akasema, safari hii bila simu.

Coleta akaweka uso wake kwenye lile ovaroli chafu, akamng'ang'ania kwa mikono yake yote miwili.