Mkono wa Kushoto wa Fumie

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la kaa. Fumie Kasahara aliisoma akiwa bado na begi mgongoni.

"Shoga yangu Fumi, karibu Osaka. Matandiko safi yako kabatini. Bomba la maji moto lifungue taratibu, lina hasira kama mimi. Jambo moja tu: kila asubuhi ukitoka, simama mlangoni, nyoosha mkono wa kushoto nyuma yako, useme, 'Haya, twende.' Usicheke. Ni mazoea ya nyumba hii. Mji nimekuachia, ufaidi. Ritsuko."

Fumie alicheka. Ritsuko alikuwa na vituko tangu walipokuwa na miaka sita, wakikalia dawati moja kule Yonago, wakigawana mkate nusu kwa nusu. Baadaye Ritsuko aliolewa Osaka, akafiwa na mume mapema, akabaki huko. Fumie hakuolewa. Alipika katika jiko la shule kwa miaka ishirini na sita, na Osaka aliijua kwa televisheni tu. Sasa Ritsuko alikuwa amemtumia ujumbe kwamba anakwenda Sapporo kikazi kwa siku nne, nyumba yote yake. Fumie aliposoma ujumbe ule aliona kama amepewa mbawa.

Asubuhi alisimama mlangoni, akanyoosha mkono nyuma. "Haya, twende," akasema, na kujicheka.

Kitu cha baridi kikamgusa kiganja, laini na chepesi, kama jani la kabichi lililotoka kwenye friji. Akageuka. Ukumbi ulikuwa mtupu, na mwishoni mwake mlango wa chumba cha nyuma umefungwa. Akasema moyoni kwamba ni upepo wa ngazini, akashuka.

Mji ulimlewesha. Aliingia kwenye soko refu la Tenjinbashi, lile lililoezekwa juu, akatembea bila haraka kati ya maduka ya visu na ya mwani mkavu, harufu ya chai iliyokaangwa ikimfuata. Akina mama wa baiskeli walimpigia kengele. "Pisha, dada, au unaota?" mmoja alimkemea akipita, na Fumie akafurahi kana kwamba amesalimiwa. Alinunua vibonge vya pweza vikiwa vinachemka.

"Puliza kwanza, bibie!" muuzaji alimtania. "Nyie wa mikoani midomo yenu ya chuma?" Kisha akachomeka vijiti viwili.

"Kimoja kinatosha. Niko peke yangu."

Muuzaji alitazama ubavuni mwa Fumie, akakunja uso kidogo, kisha akacheka. "Haya, basi huyo ale kwa macho."

Fumie alidhani ndio utani wa watu wa Osaka. Lakini mchana, alipotaka kwenda kwenye ngome ya kale, miguu ilikata kushoto badala ya kulia, ikamfikisha kwenye kichochoro chenye duka la vitambaa. Alirudi kwenye ramani, akaanza upya, akajikuta tena kwenye kichochoro kilekile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kulemea, kama wa mtu aliyebebeshwa kikapu. Na kulikuwa na harufu: plasta za maumivu ya viungo, na maganda ya machungwa yaliyokauka. Alinusa sweta lake. Haikutoka kwenye sweta.

Usiku alilala kwa mang'amung'amu, na siku ya pili akaamka na alama tano za bluu juu ya kiwiko. Alijiambia ni begi. Alitoka bila kunyoosha mkono, bila kusema lolote, na kabla hajafika chini ya ngazi uzito ukamshika palepale. Alitaka kwenda mferejini kuona mashua. Akafika duka la vitambaa.

Safari hii miguu haikuishia kichochoroni. Ilimwingiza.

Mwenye duka, mzee Nishio, alikuwa amekaa kati ya majora ya hariri, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Aliinua kichwa kabla Fumie hajasema neno.

"Ah! Mama Amano!" uso ulimng'aa. "Hatua hizo hata nikiwa kaburini nitazijua. Bado unaburuta mguu uleule!" Akaweka mito miwili ya kukalia. "Na leo umekuja na kijana wako. Kaeni, kaeni."

"Mzee," Fumie alisema kwa sauti ya chini, "mimi niko peke yangu."

"Usinitanie, mwanangu. Macho yamekwisha, masikio bado." Akanyoosha mkono wake kwenye hewa, kushoto kwa Fumie, kama mtu anayesubiri kusalimiwa. Akatulia. Tabasamu likamtoka polepole. "Mbona wa baridi hivi?" akanong'ona, na kuurudisha mkono kifuani.

"Mama Amano ni nani?"

"Mama mkwe wake Ritsuko, huyo aliyekupa nyumba, maana nasikia harufu ya sabuni ya kwake kwenye nguo zako. Mama huyu alikuwa haachi kuja hapa. Halafu akaanguka, akawa wa kitandani. Miaka sita sikumsikia. Ritsuko aliniambia amempeleka kwenye nyumba ya wazee kule Kobe." Akaelekeza kidole mlangoni. "Nyuma ya duka la chai kuna hekalu dogo. Muulize mtawa Myoren. Nenda sasa hivi, mwanangu, na usimkimbize, hawezi mbio."

Fumie alitoka, na ingawa lilikuwa jua la saa nane na kichochoro kimejaa watu wenye mifuko na watoto wenye aiskrimu, alihisi yuko chini ya kisima, kwa sababu sasa alizisikia hatua zenyewe, moja kavu na moja ya kuburuta, zikifuatana na zake kama kivuli chenye viatu, na kila alipoharakisha ziliharakisha na pumzi fupi ikimfikia sikioni, na alipopita mbele ya kioo cha duka la miwani alijiona yuko peke yake kabisa, mwanamke wa makamo mwenye uso wa kijivu, ila mkono wa kushoto wa sweta lake ulikuwa umevutwa nje na kukunjamana mahali pamoja, kama umekamatwa na vidole vitano vya mtu anayeogopa kupotea.

Mtawa Myoren alikuwa uani akikata figili. Alimtazama Fumie, kisha akatazama pembeni yake, akaweka kisu chini.

"Kaa. Na yeye akae, amechoka." Alifuta mikono kwenye nguo yake. "Wewe ndiye rafiki wa Ritsuko."

"Umejuaje?"

"Alikuja hapa baada ya mazishi ya mkwewe, hapati usingizi. Alinieleza mwenyewe. Kiangazi kilichopita, siku za joto kali, alisafiri siku tatu, akamfungia mkwewe chumba cha nyuma kwa nje. Alimwachia glasi moja ya maji. Nilimwambia, mzimu huu haufukuzwi, unaombwa radhi. Piga magoti mbele ya picha yake siku arobaini na tisa. Akasema hana muda. Akaniuliza kama mzimu unaweza kuhama. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamjibu: humfuata anayemshika mkono na kumtoa nje."

Fumie alitikisa kichwa. "Labda hakukuelewa, mama. Ritsuko si mtu wa hivyo. Tumekua pamoja."

"Alielewa, mwanangu. Alirudi mara ya pili kuuliza ni mkono upi."

Fumie alilia pale uani bila sauti, na kitu cha baridi kikawa kinampapasa kiwiko, juu na chini, juu na chini, kama mtu anayebembeleza.

"Kuna njia?" akauliza mwishowe.

"Ipo moja. Ritsuko amshike mkono mwenyewe, amwite kwa jina. Atarudi kwake."

Fumie alilala hekaluni. Asubuhi alimpigia Ritsuko simu, na Ritsuko hakuwa Sapporo. Alikuwa hotelini Umeda, mtaa wa jirani tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

Walikutana adhuhuri kwenye kituo cha Shin-Osaka, jukwaa la treni ya Fumie. Ritsuko alikuja amevaa koti jipya. Alisimama hatua nne mbali, akatazama mkono wa Fumie, akajua.

"Fumi," alisema taratibu. "Usinitazame hivyo."

"Kwa nini mimi?"

"Ningempa nani?" Ritsuko alikwepa macho yake. "Wewe huna mume, huna mtoto. Unakula peke yako kila siku. Nikasema moyoni, Fumi hatadhurika sana. Angalau atapata mtu wa kukaa naye."

Maneno hayo yalimuuma Fumie kuliko vidole vyote. Akapiga hatua moja. "Mshike mkono, Ritsuko. Mwite jina. Basi, yaishe."

Ritsuko akarudi nyuma, akaizamisha mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya koti. "Usiniguse. Fumi, nakuomba, usiniguse!"

Abiria waligeuka. Fumie angeweza kumrukia, alikuwa na nguvu za mtu wa kubeba masufuria ya watoto mia tatu. Aliinua mkono wa kushoto kuuelekeza kwa rafiki yake. "Mama," akanong'ona, "huyu hapa."

Ndipo alipousikia ule mkono wa baridi kwenye kiwiko chake. Ulikuwa ukitetemeka. Kitu kile kilijibana nyuma yake, kikajificha mgongoni kwake kama mtoto aliyemwona mbwa, na pumzi fupi zikampiga shingoni kwa kasi. Mzimu ulikuwa unamwogopa Ritsuko.

Treni iliingia. Fumie alishusha mkono. Hakusema kwaheri. Alipanda, akakaa dirishani, na pale jukwaani Ritsuko akainama hadi kiunoni, akabaki ameinama hivyo, kwa adabu ile ya kumshukuru mtu aliyekubebea mzigo mzito.

Treni ikaanza kwenda. Ritsuko akainuka, akatoa mikono mifukoni, akaikung'uta, akageuka kutafuta ngazi.

Fumie alitazama mpaka asimwone tena. Kwenye kiwiko, vidole viliacha kutetemeka. Vikaachia kimoja kimoja, akadhani ameachwa huru. Kisha vikapanda begani bila haraka, vikafika shingoni, vikamzunguka, na kutulia hapo.