Behewa la Ishirini na Moja

— Yaya, hii saki imetoka wapi?

Tatiana alikuwa anapiga pasi. Aligeuka, akamwona mdogo wake Angèle mlangoni, amekumbatia mkoba wa mgongoni wa jinzi uliojaa mabehewa ya treni ya kila rangi. Alikuwa amemtuma chumbani kuchukua kitenge tu sandukuni.

— Rudisha mu malle, Angèle.

— Mi nakuuliza. Imetoka wapi?

Pasi ilikuwa inaunguza kola ya shati la mteja.

Mkoba ule Angèle aliujua kama kiganja chake. Waliuanza yeye na Hénock miaka minane iliyopita, wakimaliza shule Tenke, na wazo lao la kitoto: kuupamba kwa treni. Yeye alishona kichwa cha treni kwa uzi mwekundu. Hénock, ambaye hajawahi kushika sindano, akashona behewa la kwanza, likapinda kama limetoka relini. Walicheka mpaka machozi.

Kisha Hénock akaenda kuchimba madini huko Fungurume, Angèle akaja Kolwezi kushona nguo kwa dada yake, na mkoba ukawa unasafiri kwa niaba yao. Philippe, dereva wa taksi-basi, ndiye aliyeubeba huku na huku. Kila ulipofika, aliyeupokea aliongeza behewa: la mahindi, la mbuzi, la wanafunzi wametoa vichwa madirishani. Angèle alitumia mabaki ya vitenge. Hénock alikunja waya wa shaba kuwa magurudumu. Siku mkoba ulipofika, Angèle hakugusa chakula kabla ya kuuangalia wote.

Miaka miwili iliyopita ukaacha kuja. Tatiana ndiye aliyemletea habari kwamba Hénock ameoa mke huko Likasi.

Sasa Angèle alihesabu kwa kidole. Kumi na tisa, ishirini... ishirini na moja. Hilo la mwisho hakuwahi kuliona. Ndani yake mlikuwa na watu wawili, mmoja amevaa gauni jeupe. Mfukoni mlikuwa na karatasi:

"Angèle, kama unakubali, rudisha saki kwa Philippe mbele ya Pasaka kufika. Nikiiona, nitakuya na tonton wangu kwa mama yako. Nisipoiona, sitakusumbua tena."

— Uliisoma hii, yaya?

— Niliisoma. Philippe aliniachia saki siku haukukuwako.

— Na ile muke ya Likasi?

— Bongo. Mi njo nilitunga ule uongo.

— Juu ya nini?

Tatiana akazima pasi.

— Bwana yangu alifia mu shimo, Angèle! Uliona namna nililia. Sikutaka na weye bakuletee bwana yako amefungwa mu blanketi.

— Ungeniambia hivyo. Ningechagua mi mwenyewe.

— Ungechagua yeye.

— Ndiyo. Ningechagua yeye.

Tatiana alikaa kitini, akajifunika uso kwa shati.

— Mara mbili nilitaka kuitupa. Nilishindwa.

Angèle alitoka uani na simu. Alimpigia Philippe, naye akampa namba mpya ya Hénock.

— Allô?

— Ni mi. Angèle.

Nyundo za watu zilisikika kwa mbali.

— Nilingoja saki siku tatu pa parking ya taksi, Hénock akasema.

— Saki nimeiona leo. Balinifichia.

— Leo?

— Leo. Uko na muke?

— Hapana.

— Ungali unachimba?

— Nachimba.

Jioni ujumbe ukaingia: "Siku ya posho niko kwenu na tonton. Usikimbie."

Jumamosi, siku hiyo ya posho, mama yao alitandikia wageni mkeka nyumbani kwake. Tonton Ngeleka, mjomba wa Hénock, akauliza nani atasema kwa upande wa binti.

— Yaya, Angèle akajibu. Lakini aseme kwanza ile alifanya.

Tatiana alisema yote, bila kujipunguzia. Mama alishika kichwa. Kisha Tatiana akamgeukia Hénock.

— Nakuomba pardon. Lakini mi bado naogopa ule shimo.

Hénock aliinamisha macho.

— Na mi naogopa, yaya. Nimeanza kujifunza kuchomelea vyuma kwa fundi René. Mwezi ya saba natoka mu shimo.

— Hukuniambia! Angèle akasema.

— Hukuniuliza. Uliuliza kama ningali nachimba.

Mama akacheka wa kwanza. Tatiana akafuta machozi, akainuka, akarudi na sahani ya bukari, ugali wa kwao, akaiweka mbele ya Hénock kwa mikono miwili.

— Shemeji, kula.