Sauti ya Koko

Kila jioni, baada ya kufua soksi zake na kuzianika kwenye kamba, Soipan alimwashia mama yake kompyuta pale sebuleni. Mama alikaa, akavaa visikizi, akafunga macho. Alikuwa akisikiliza sauti ya Koko, nyanya yake Soipan, aliyefariki mwaka uliopita kule Bisil. Zamani, Soipan akiwa bado mtoto mdogo, Koko alikuwa amesimulia mambo ya utotoni mwake, naye mama akamrekodi kwa simu. Sasa mama alikuwa akiyaandika polepole, ili wajukuu wa Kitengela wasikue bila kumjua.

Jumanne moja mama alikunja uso. "Soi, hebu angalia. Nilichoandika jana hakionekani kwa simu. Kuna alama nyekundu hapa."

Soipan aliinama. Simu na kompyuta zilitumia akaunti moja ya kuhifadhi faili mtandaoni, na ujumbe ulisema nafasi imejaa. Kabla hajafungua kinywa, stima ikapotea. Mtaa mzima ukawa giza.

"Nitarekebisha kwa simu, Yeyo. Niachie mimi," alimwambia mama.

"Sawa. Lakini usifute kitu bila kuniuliza," mama alisema, akaenda jikoni kumalizia ugali kwa mwanga wa mshumaa.

Soipan alifungua akaunti ile. Faili zilizojaza nafasi zilikuwa za sauti ya Koko. Alisita kidogo. Lakini si ziko pia kwenye kompyuta? Akazifuta. Ujumbe ukakataa kuondoka, basi akafungua pipa la taka la akaunti, akalimwaga lote. Alama nyekundu ikatoweka.

"Iko sawa," alimwambia mama, akijiona fundi kamili. Jinsi alivyoirekebisha, hakusema.

Kesho yake, katika somo la kompyuta, Mwalimu Gitonga alichora simu na kompyuta ubaoni, na katikati yake folda moja. "Hii si folda mbili," alisema. "Ni moja, inaonekana pande mbili. Ukifuta kitu upande huu, upande ule nao unafuta."

Soipan aliinua mkono. "Hata kama kompyuta ilikuwa imezimwa, mwalimu?"

"Itangoja. Siku itakayowashwa ikapata intaneti, itafuta."

"Na ukitaka kurudisha?"

"Unaangalia kwenye pipa la taka. Labda uwe umelimwaga."

"Nani anaweza kuwa mjinga hivyo?" Achola, mwenzake wa dawati, alinong'ona akicheka. "Soi, mbona umenyamaza? Umemeza chaki?"

Soipan alianza kuingiza vitabu kwenye begi. Kengele ya mwisho ilipolia alikuwa tayari mlangoni, begi likimgonga mgongoni. Alikimbia akiomba kwamba stima iwe bado haijarudi. Lakini alipofika kona ya kwao alisikia kinu cha posho kikinguruma. Stima ilikuwa imerudi.

Alipoingia, mama alikuwa amebonyeza kitufe cha kompyuta. Kioo kilikuwa kinaanza kung'aa. Soipan alirukia ukutani, akachomoa waya wa kisanduku cha waifai.

"Wewe! Kuna nini?"

"Waifai... imeharibika, Yeyo. Inaweza kuchoma kompyuta."

"Basi nitatumia intaneti ya simu," mama alisema, akichukua simu mezani.

Soipan alitazama kidole cha mama kikitafuta mahali pa kubonyeza. Mara moja tu, na Koko angeondoka mara ya pili.

"Usiwashe, tafadhali!" Machozi yalimtoka. "Waifai haijaharibika. Nilifuta sauti za Koko. Zote. Nikamwaga na pipa la taka. Zimebaki kwa hii kompyuta peke yake, na ikipata intaneti itazifuta."

Mama aliganda. Kisha akaiweka simu chini, taratibu, akaizima kabisa. "Lete flashi," alisema. "Haraka."

Folda ilichukua muda kufunguka. Kisha majina ya faili yakajipanga kwenye kioo. Walizinakili kwenye flashi, wakaichomoa, na ndipo mama akaunganisha waya tena. Mbele ya macho yao faili zikaanza kutoweka, moja baada ya nyingine, mpaka folda ikabaki tupu. Soipan aliikumbatia flashi kifuani.

"Umeona?" mama alisema. "Nilikukataza, ukafuta. Kwa hilo nimekasirika. Leo ulianza na uongo, na uongo huo ungetunyang'anya Koko. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Kosa likisemwa mapema, kunakuwa na nafasi ya kulirekebisha."

"Nisamehe, Yeyo."

Mama alichomeka flashi, akabonyeza faili moja. Sauti nzito ya Koko ikajaza sebule, akisimulia juu ya ndama wake wa kwanza. Ghafla ukasikika mlio wa kibuyu kuanguka, na Koko akakatiza hadithi yake.

"Nani amemwaga maziwa?"

Kisha ikaja sauti nyembamba ya mtoto mdogo sana.

"Ni mimi, Koko."

Koko akacheka. Mama akamvuta Soipan karibu. "Unaona?" alisema. "Hata wakati ule ulijua kusema mapema."