Fataki za Nyuma ya Kituo cha Mafuta

Kila alasiri alipotoka shule, Roser alipitia kwenye kibanda cha mama yake karibu na soko la mji wa Sueca, Hispania, akaweka mkoba pembeni na kufunga aproni. Mama alikaanga maandazi ya boga, naye Roser aliyanyunyizia sukari na kuyafunga kwenye karatasi. Ulikuwa mwezi wa Machi, sikukuu ya Fallas, ile ya mioto na fataki, imekaribia, na wateja hawakukatika. Kila mara fataki ililia mahali fulani mtaani, lakini hakuna aliyegeuza shingo. Mwezi ule, mtu aliyeshtuka kwa mlio wa fataki alijulikana mara moja kuwa mgeni.

Roser alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Watoto wa mtaa wao walikuwa wamemchagua awanunulie fataki za amsha-amsha, yale matembezi ya asubuhi ambapo watoto huifuata bendi wakilipua fataki ili kuwaamsha majirani. Walimchagua kwa sababu alijua kubana matumizi. Alipotumwa dukani, alirudi na chenji ambayo hata mama yake hakuitarajia, na siku zote aliwahimiza wenzake wasipoteze hata fataki moja.

"Hela za watoto hizi hapa," alisema shangazi yake, Empar, ambaye alikuwa msimamizi wa watoto wa mtaa. Alimkabidhi bahasha. "Uende duka la Mzee Batiste, si kwingine. Na risiti uniletee."

"Sawa, shangazi."

Kesho yake alikwenda pamoja na Ximo, binamu yake, aliyemzidi mwaka mmoja na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Foleni ya duka la Mzee Batiste ilikuwa imekunja kona. Walipofika mbele, Roser alisoma bei na moyo ukamshuka. Zilikuwa zimepanda. Alipiga hesabu, akarudia. Kila mtoto angepata fataki chache tu, zingekwisha kabla ya kufika kanisani.

"Kwa hizi tutaamsha paka tu," alinong'ona Ximo. "Wale wa Mtaa wa Daraja watatucheka mpaka Pasaka. Twende nyuma ya kituo cha mafuta. Kuna jamaa anauza nusu bei."

"Shangazi amesema tununue hapa."

"Shangazi anataka fataki, hataki duka. Si wewe unayejiita bingwa wa kubana matumizi? Au ni maneno matupu?"

Maneno hayo yalimchoma Roser. Wakatoka kwenye foleni.

Nyuma ya kituo cha mafuta palikuwa na kigari cheupe cha mizigo, milango ya nyuma ikiwa nusu wazi. Mwanamume mwenye kofia ya sufu aliwatazama, kisha akatazama barabarani, kisha akawatazama tena. Ndani ya gari fataki zilijazwa kwenye mifuko myeupe ya nailoni kama viazi. Hazikuwa na boksi, hazikuwa na jina wala maandishi yoyote.

"Mbona hazijaandikwa kitu?" Roser aliuliza.

"Maandishi hayalipuki, binti," yule mtu alijibu. "Unalipia baruti au unalipia karatasi?"

Ximo alicheka. Roser alitabasamu, ila aliogopa. Alitamani kuondoka. Hata hivyo, mfuko ulikuwa mkubwa na bei ilikuwa ndogo, na tayari aliona jinsi wenzake watakavyompigia makofi. Akalipa. Alipoomba risiti, yule mtu alifunga milango ya gari bila kujibu.

Walipita njia ya mashamba ya machungwa ili wasionekane. "Tujaribu moja," Ximo alisema. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Utambi uliungua taratibu, Ximo akairusha, ikalia kwa nguvu kando ya mfereji. Wakapeana mikono kwa furaha.

Ya pili haikuwapa nafasi. Moto uligusa utambi, utambi ukatoweka kama uliomezwa, na fataki ikapasuka palepale ilipoachana na vidole vya Ximo.

Roser alijikuta ameketi chini. Moshi ulipopungua, alimwona Ximo amesimama, mdomo wazi, vidole vyeusi kama mkaa. Aliita jina lake. Ximo hakugeuka. Aliita tena, akamshika bega, na hapo ndipo Ximo alipomtazama.

"Kuna filimbi masikioni," Ximo alisema kwa sauti kubwa mno. "Sikusikii. Roser, mimi sikusikii."

Wakakaa chini ya michungwa mpaka filimbi ikapungua kidogo. Sikio la kulia lilirudi, la kushoto halikurudi. Ximo alinawa vidole mferejini. Hakuwa tena na mzaha.

"Usimwambie mtu," alimsihi. "Baba atanimaliza. Tafadhali."

Roser alikubali. Alibeba mfuko kifuani mpaka nyumbani, akitembea kama aliyebeba mayai, na kila pikipiki iliyopita ilimfanya afumbe macho. Aliuficha stoo, nyuma ya makreti ya machungwa. Alipofunga mlango alikumbuka kwamba mtungi wa gesi ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Akarudi, akausogeza mfuko karibu na mlango. Bado haukuonekana kuwa mahali salama. Hapakuwa na mahali salama.

Wakati wa chakula hakuweza kumeza. Mama alimgusa paji la uso.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu, mama."

Jibu lilikuwa palepale ulimini. Angesema sentensi moja tu. Lakini aliwaza hela za wenzake zilizopotea, akawaza uso wa Shangazi Empar, akawaza ahadi aliyompa Ximo. Akaondoka mezani na siri yake. Alijiambia kwamba kesho mapema, kabla ya amsha-amsha, atautumbukiza ule mfuko kwenye mfereji na kusema umeibwa. Kisha akaogopa uongo huo pia. Alilala akiwa amekunja ngumi.

Asubuhi alichelewa kuamka. Nyumba ilikuwa kimya. Kitanda cha mdogo wake, Neus, aliyekuwa na miaka minane, kilikuwa kitupu. Roser alishuka ngazi mbiombio na kufungua stoo. Mfuko haukuwepo.

Mama alikuwa jikoni akikanda unga wa maandazi. "Nimekuacha ulale, ulionekana hoi," alisema. "Fataki nimeziona mlangoni pa stoo, nikampa Neus awapelekee wenzake. Mbona umesimama hivyo?"

"Mama, hizo fataki ni mbovu," Roser alisema. "Zinaua." Na bila kungoja jibu akatoka mbio, viatu mkononi.

Mji mzima ulikuwa ukilipuka. Kila mtaa ulikuwa na bendi yake na watoto wake, na milio ilirudishwa na kuta hata hukujua inatoka wapi. Moshi ulitanda kati ya nyumba. Kila mlio ulipomfikia, Roser alimwona Neus ameanguka. Alikimbilia mkono wa kulia, akakuta watoto asiowajua. Akarudi, akapita nyuma ya kanisa. Kifua kilimwaka. Alimuuliza bibi mmoja dirishani kama ameona watoto wenye skafu za buluu za mtaa wao, na bibi akaonyesha upande wa soko.

Huko aliwakuta. Bendi ilikuwa mbele, Shangazi Empar akitembea kando yake, na watoto walifuata nyuma, kila mmoja na kisanduku chake cha mbao shingoni na kamba ya moto ya kuwashia mkononi. Visanduku vilijaa zile fataki zisizo na jina.

"Acheni," Roser aliita. "Msiwashe." Sauti yake ilizama ndani ya tarumbeta. Mtoto mmoja alimpungia mkono kwa furaha na kuchukua fataki nyingine.

Roser alipenya katikati ya wapiga tarumbeta mpaka kwa mpiga ngoma, akalala juu ya ngoma kwa mikono yote miwili. Mpiga ngoma alibaki na fimbo hewani. Tarumbeta zikafifia moja baada ya nyingine. Watu wote wakamtazama.

"Fataki hizi sikununua kwa Mzee Batiste," alisema akitweta. "Nilinunua barabarani kwa sababu ni rahisi. Moja ilimpasukia Ximo jana, na sikio lake halisikii. Msiwashe nyingine. Tafadhali, wekeni chini kamba za moto."

Shangazi Empar aliwageukia watoto. "Kamba zote chini, kanyageni," aliagiza. "Visanduku mvivue polepole, mviweke hapa ukutani, kisha mrudi nyuma." Watoto wakatii. Wengine walianza kulia.

Roser alitafuta nyuso. "Neus yuko wapi?"

Mtoto mmoja alinyoosha kidole nyuma, kwenye kichochoro walichotoka. "Fataki yake haikulia. Amerudi kuiokota."

Neus alikuwa peke yake katikati ya kichochoro, amechuchumaa, kisanduku kikining'inia shingoni. Mbele yake, juu ya mawe, kulikuwa na fataki moja ndogo. Aliipuliza, kisha akanyoosha mkono.

Roser alisita. Alijua kilichokuwa mbele yake, na mwili wake wote ulimwambia arudi nyuma. Kisha akakimbia. Hakuita, kwa kuogopa kwamba Neus angegeuka akiwa na fataki mkononi. Alimshika skafu na kumvuta kwa nguvu zake zote, wote wawili wakaangukia mlango wa nyumba.

Fataki ikapasuka.

Kioo cha dirisha kilimwagika. Changarawe ziliwapiga migongoni na mashavuni. Kwa muda Roser hakusikia kitu, aliona tu mdomo wa Neus ukisogea. Alimshika mikono, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo.

"Ulisema tusipoteze hata moja," Neus alikuwa akisema huku akilia. "Dada, si ulisema."

Roser alimkumbatia.

Siku ile visanduku vyote vilizamishwa kwenye ndoo za maji, na polisi wa mji walivichukua. Roser na Ximo waliwaeleza juu ya kigari cheupe, na kabla jua halijatua kilikamatwa kwenye barabara ya pwani, kikiwa bado kimesheheni. Daktari alimwambia Ximo kwamba sikio lingepona, lakini polepole, na kwamba kama angechelewesha zaidi lingeweza kuharibika kabisa. Baba yake hakumpiga. Alikaa naye hospitalini kutwa nzima akiwa amemshika ule mkono uliokuwa mweusi.

Jioni Mama alimketisha Roser mezani. "Nimekasirika," alisema, "na nitakuwa nimekasirika siku kadhaa. Lakini jambo moja likae kichwani mwako. Siku yoyote ukiogopa kitu, uje kwangu kabla hakijawa kikubwa. Hata kama nitagomba."

Asubuhi iliyofuata Shangazi Empar alimpeleka Roser kwa Mzee Batiste. Kwenye bahasha zilibaki hela kidogo. Roser alitazama sakafu. Alidhani shangazi anamleta kumwaibisha.

"Mzee Batiste, mfundishe huyu," shangazi alisema. "Kubana matumizi si kosa. Kosa ni pale alipobania."

Mzee Batiste aliweka pakiti mbili juu ya meza. "Hii ina picha ya joka, hii haina picha. Hesabu zilizomo ndani." Ile isiyo na picha ilikuwa na nyingi zaidi kwa bei ileile. "Wengi wananunua joka. Na mngekuja mwezi uliopita, kabla ya foleni, ningewapunguzia. Na katoni nzima ni nafuu kuliko pakiti moja moja. Lakini kila mtaa unakuja kivyake na bahasha yake ndogo."

Roser alifikiri. "Kama tukichangia katoni na Mtaa wa Daraja?"

Shangazi Empar alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Ukaongee nao mwenyewe."

Alikwenda. Walimtania sana, wakamwita Malkia wa Nusu Bei, naye akavumilia mpaka wakakubali. Mzee Batiste akawafungulia katoni moja, kila fataki ikiwa na maandishi yake na umri wa mtoto anayeruhusiwa kuishika, na risiti akaiandika kwa jina la mitaa yote miwili.

Siku ya mwisho ya sikukuu mitaa hiyo miwili ilitembea pamoja nyuma ya bendi moja. Fataki hazikuwa nyingi; walikubaliana kulipua moja tu kila kona. Zamu ya Roser ilipofika, alisogeza kamba ya moto karibu na utambi, kisha akairudisha nyuma.

"Siwezi, shangazi. Naogopa."

"Si lazima," Shangazi Empar alisema, akachuchumaa kando yake. "Na woga huo usiuonee aibu. Ulikuwa nao pia pale kwenye gari la yule mtu, ukaunyamazisha ili uokoe hela. Bana matumizi, mwanangu: wahi mapema, nunueni kwa pamoja, nunua kidogo. Lakini kitu kitakachoshikwa na mkono wa mtoto, kwanza uulize kama ni salama, bei uiulize baadaye. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ulichelewa kusema, ila ulisema mbele ya watu wote, na ndiyo maana leo watoto wote wako hapa."

Roser alimpa Ximo kamba ya moto, naye Ximo akaipitisha kwa msichana wa Mtaa wa Daraja. Yule msichana aliwasha, akarudi nyuma hatua nyingi kuliko ilivyohitajika, na wote wakangoja huku wameshikana mikono.