Kilichomfunga Mzee Werema

Mwaka ule wa kipindupindu, naibu wa chifu alipita boma kwa boma. Alisema kila boma lichimbe choo, na asiyechimba atamtambua yeye ni nani. Elkana alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchimba. Mkewe, Bhoke, ndiye aliyekipenda choo kile zaidi. Alikikandika udongo, akakipaka chokaa, na kila asubuhi alikifagia kabla hata ya kuwasha moto. Nje alitundika kibuyu cha maji ya kunawa mikono. Wanawake wa pande zile za Ogwedhi walikuja kukitazama.

"Mama Terry, humu mtu anaweza kulala!" walimtania.

Bhoke alicheka, lakini moyoni alijivuna. Kipindupindu kilikuwa kimeua watu vijiji vya mbali, na kwake hakikuwa kimebisha hodi.

Binti yao Terry alikuwa shule ya bweni. Nyumbani walibaki watu watatu: Bhoke, Elkana, na Mzee Werema, baba yake Elkana. Mzee alikaa katika kibanda chake karibu na zizi la ng'ombe. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sasa Bhoke ndiye aliyempikia.

Kwa mila yao, baba mkwe na mkaza mwana huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Bhoke hakuingia katika kibanda cha mzee. Hakumgusa mkono. Aliweka chakula kwenye kigoda nje ya mlango, akaita, "Baba, chakula kiko hapa," kisha akaondoka macho yakiwa chini. Baadaye alirudi kuchukua sahani. Kila mara aliikuta tupu, safi kabisa, na mbwa wa boma amejilaza kando.

"Baba anakula vizuri," alimwambia mumewe.

"Kama anakula, mbona anakonda?" Elkana aliuliza. "Shati linamwangukia mabegani. Na tumbo limemsimama. Anasema hapati choo."

Bhoke alichochea moto. Maneno ya choo cha baba mkwe hayakuwa ya masikio yake.

Elkana alimnunulia baba yake dawa ya kuendesha, ile ya unga inayouzwa sokoni siku ya mnada wa ng'ombe. Mzee alikunywa. Tumbo lilifunguka siku moja, kisha likafunga tena vibaya kuliko mwanzo. Akanunuliwa nyingine. Mambo yakawa hayo hayo, mwezi baada ya mwezi.

Halafu mambo yakageuka. Asubuhi moja Bhoke aliona shuka la mzee limeanikwa kwenye ua, linadondoka maji. Mzee alikuwa amelifua mwenyewe alfajiri. Kesho yake likaanikwa tena.

"Sasa anaharisha," Elkana alisema kwa sauti ya chini. "Maji matupu."

Walitazamana. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa ule. Elkana alikwenda Migori akarudi na vidonge vya kuzuia kuharisha. Alimpa baba yake, kisha akaondoka kwenda Homa Bay na ng'ombe wa wenye bucha. "Nitarudi upesi," alimwambia mkewe. "Umwangalie baba."

Asubuhi iliyofuata Bhoke alipeleka uji. Alipokata kona ya zizi, bakuli lilimtoka mkononi.

Mzee Werema alikuwa amelala chini, nje ya mlango wake, uso kwenye vumbi. Shuka lilikuwa limemtoka mwilini na lilikuwa limechafuka. Tumbo lake lilikuwa limevimba, limekaza kama ngoma.

Bhoke aligeuka haraka, akaficha uso kwa mikono miwili. Hakutakiwa kumwona baba mkwe hivyo.

"Uuuwi! Jamani, njooni! Baba ameanguka!"

Majirani walikuja mbio. Lakini walipoona lile shuka, walisimama kwenye ua. Hakuna aliyevuka.

"Ni kipindupindu," mmoja alisema, akajifunika pua.

"Bwana Kerosi," Bhoke alimlilia jirani yake mwenye duka, "wewe ni mwanamume. Nisaidie kumwinua."

Kerosi alirudi nyuma. "Mama Terry, nina watoto wadogo. Nitakuletea wilbaro. Lakini kumshika, hapana. Nisamehe."

Mzee aliguna. Bado alikuwa hai. Bhoke aliwatazama wale wanaume waliosimama. Alitazama barabara, kana kwamba Elkana angetokea. Hakutokea. Basi alifungua leso yake kiunoni, akamfunika mzee vizuri, akaweka mikono chini ya makwapa yake, akamwinua. Wanawake walishika vinywa. Mzee alikuwa mwepesi mno. Wepesi ule ndio uliomtisha Bhoke kuliko yote. Huyu mtu aliyemaliza sahani kila siku alikuwa mifupa mitupu.

Alimlaza kwenye wilbaro akaisukuma mwenyewe. Kerosi alitangulia mbele, mbali kidogo, akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni njia! Mgonjwa!" Watu walikimbilia mashambani.

Kwenye dispensari alikuwako muuguzi mmoja, Sista Nyasuguta, Mkisii aliyeishi Ogwedhi miaka mingi. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alivaa glavu, akamwingiza mzee ndani, akamwambia Bhoke anawe mikono kwa sabuni na angoje nje kwenye benchi. Kerosi alisimama mbali, chini ya jua.

Baada ya muda Sista alitoka.

"Huyu hana kipindupindu," alisema.

"Ashukuriwe Mungu! Ni nini basi?"

"Amefunga choo."

Bhoke alidhani amesikia vibaya. "Sista, mzee anaharisha. Nimenawa uchafu wake mikononi sasa hivi."

"Anaharisha kwa sababu amefunga," Sista alisema. "Ukiziba mfereji kwa jiwe, maji hayapiti?"

"Yanapita pembeni."

"Ndivyo tumbo la mzee lilivyo. Kuna choo kigumu kama jiwe kimekwama huko chini. Kile cha majimaji kinajipenyeza pembeni, kinatoka bila yeye kujua. Ninyi mnaona anaharisha. Mmempa dawa gani?"

"Vidonge vya kuzuia."

Sista alifumba macho. "Mmeongeza jiwe juu ya jiwe."

Bhoke alikaa chini polepole.

Sista alirudi ndani. Alimwosha mzee tumbo kwa maji ya vuguvugu kwa mpira, kidogo kidogo, bila haraka. Ukuta wa dispensari ulikuwa wa mbao, na pale kwenye benchi Bhoke alisikia kila kitu.

"Mzee," Sista aliuliza, "kwenu kuna choo?"

"Kipo."

"Unakitumia?"

Bhoke aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Binti yangu," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "kile choo ni cha mke wa mwanangu. Nitaingiaje mahali anapoinua nguo? Na yeye akinikuta humo, tutatazamana vipi?"

"Sasa huwa unakwenda wapi?"

"Zamani nilikuwa na kichaka changu mtoni. Mwanangu alikifyeka akapanda tumbaku. Siku hizi kuna watu kila upande. Na magoti haya hayakubali kuchuchumaa, nikishuka siwezi kuinuka. Kwa hiyo nikibanwa, najizuia mpaka haja inaondoka yenyewe."

"Na chakula?"

"Asiyekula haendi. Nilipunguza. Maji niliyaacha kabisa. Chakula nampa mbwa. Yule mtoto wa watu anapika kwa bidii, sikutaka kumvunja moyo kwa kurudisha sahani."

Bhoke aliziba mdomo kwa leso. Sahani zile tupu! Mbwa aliyenona! Choo kile cheupe alichokipaka chokaa kwa mikono yake, kumbe ndicho kilichokuwa kikimwua mzee, na sahani safi zilikuwa zikimdanganya kila siku. Machozi yalimtoka bila sauti.

Kesho yake mchana Elkana alifika dispensari akikimbia. Macho yalikuwa mekundu. Kwapani alikuwa na shuka jeupe jipya.

"Yuko wapi? Mmemweka wapi?"

"Nani?" Bhoke aliuliza.

"Baba! Dereva wa lori ameniambia Homa Bay kwamba amekufa kwa kipindupindu. Nimenunua shuka la kumfunika."

Sista alisukuma mlango. Mzee Werema alikuwa amekaa kitandani, akinywa uji wa wimbi. Tumbo lilikuwa limeshuka. Alimtazama mwanawe, kisha akalitazama shuka.

"Ni langu hilo?" aliuliza. "Lilete, la hapa linawasha."

Elkana alimpelekea shuka kitandani.

Sista alimwomba mzee ruhusa ya kusema yote. Mzee aligeukia ukutani, akasema, "Sema. Nimeshaaibika, nini kimebaki?"

"Hujaaibika, Mzee. Umeugua," Sista alijibu. Akawaeleza Elkana na Bhoke bila kuficha kitu. Elkana alisikiliza mdomo wazi.

"Mimi ndiye niliyefyeka kile kichaka," alisema. "Na sikumuuliza baba atakwenda wapi."

"Sasa umejua, ujenge," Sista alisema. "Mzee apate choo chake mwenyewe, karibu na kibanda chake. Ndani uweke kiti chenye tundu, akae kama anavyokaa kwenye kigoda. Pembeni uweke mti imara wa kushikilia anapoinuka. Kila asubuhi akishakunywa uji, aende akae pale bila kuharakishwa, maana tumbo likipata kitu cha moto huamka. Haja ikija asiizuie. Akiizuia, choo kinakauka ndani."

"Na chakula, Sista?" Bhoke aliuliza.

"Unapika ugali na nini?"

"Ugali na maziwa. Nyama ikipatikana."

"Ongeza mboga kila siku. Osuga, kunde, chochote cha shambani. Maharagwe umpe kidogo kidogo kwanza, asije akajaa gesi. Mapapai yanaozea kwenu mtini, mpe. Na maji, Mama Terry! Kibuyu cha maji safi kikae karibu naye, anywe mara kwa mara mchana kutwa. Asikae kibandani tu, atembee hata mpaka zizini na kurudi."

"Na ile dawa ya unga?" Elkana aliuliza.

"Itupe. Dawa kali za kuendesha zinalizoesha tumbo uvivu. Akikwama, mlete hapa. Na mnisikilize vizuri: mzee akivimba tumbo na kutapika, au asipopitisha hata hewa, au mkiona damu, msingoje na msinunue kitu dukani. Hospitali moja kwa moja."

Kwa sababu mzee alikuwa amekonda sana, Sista aliwaandikia waende hospitali ya Homa Bay. Alisema mtu wa umri ule akibadilika tumbo, lazima atazamwe kama kuna uvimbe ndani. Walikwenda. Daktari alimpima na kumpiga picha, asione uvimbe. Bhoke aliposikia hivyo alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Lakini lilibaki jambo moja. Watu wa maboma ya jirani walinong'ona: mkaza mwana amemshika baba mkwe, amemwona. Elkana naye alikuwa hana raha. Jioni moja mzee aliwaita wote wawili nje ya kibanda chake. Bhoke alipiga magoti mbali, macho chini.

"Nasikia watu wanasema," mzee alianza. "Waacheni. Siku ile wanaume walisimama kwenye ua wangu wakajifunika pua. Huyu hakuwa mke wa mtu yeyote siku ile. Alikuwa mtu aliyemkuta mwenzake chini. Atakayesema zaidi, aje aniambie mimi."

Hakuna aliyekwenda kumwambia.

Elkana alichimba. Bhoke alikandika. Kiti kilitengenezwa kwa mbao za mninga. Elkana hakujua kiwe na urefu gani, hivyo Bhoke alipima kigoda cha mzee kwa kamba na kumpa. Siku za kwanza mzee alikaa mle akatoka bure, uso umekunjamana. Maharagwe yalimjaza gesi akalalamika kwa Elkana. Bhoke akayapunguza, akaongeza papai. Polepole tumbo lilikubali. Mbwa akaanza kukonda. Shuka la mzee halikuonekana tena kwenye ua, isipokuwa siku za kufua.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Mzee Werema alitembea kwa miguu yake mpaka soko la Ogwedhi kutazama ng'ombe. Bhoke alikuwa nyuma yake, kwa wauza mbegu. Alimwona mzee anasalimiana na Maranga, mtu wa rika lake. Maranga alikuwa amejishika tumbo.

"Una nini?" Mzee Werema aliuliza.

"Tumbo tu. Uzee."

"Unapata choo?"

Maranga alishtuka, akatazama huku na huku. Wachungaji waligeuza shingo. Hata mama wa mbegu aliacha kupima.

"Werema! Hapa sokoni?"

"Nimekuuliza. Unapata choo, au unakizuia kama mimi nilivyokizuia nikazimia?"

Bhoke alitamani ardhi ipasuke aingie. Lakini mzee alikuwa ameshaanza. Alisema habari za maji, za osuga, za jiwe kwenye mfereji. Alieleza kiti chake na mti wa kushikilia, akionyesha kwa fimbo jinsi ya kukaa na jinsi ya kuinuka. Wazee wengine wawili walisogea, wakijifanya wanatazama ng'ombe.

Maranga akamsogelea mwenzake, akanong'ona, "Hicho kiti kina urefu gani?"

Mzee Werema alitupa macho sokoni mpaka akamwona Bhoke. Safari hii mzee hakugeuza uso.

"Binti yangu!" aliita, na soko zima likasikia. "Hebu njoo umwambie huyu mzee. Wewe ndiye uliyepima."