Vifaranga wa Kijito cha Axolapa

Kila asubuhi, kabla tortila ya kwanza, chapati ya mahindi, haijaiva, Eulalia alikimbilia kwenye mahodhi kuangalia samaki wake. Majira yale alikuwa na sababu ya kukimbia. Vifaranga elfu kumi wa trauti ndio kwanza walikuwa wameanza kula. Walikuwa wadogo kuliko ukucha, lakini wakirushiwa chakula walikiparamia kwa fujo mpaka maji yanamrukia usoni. Mumewe, Fidencio, alimtania kwamba anawapenda samaki kuliko yeye. Eulalia hakubisha.

Jumanne moja alirusha chakula na maji yakatulia. Vifaranga wengi walikuwa wamelala chini. Walikuwa wamegeuka weusi, matumbo yamevimba, macho yametoka. Wengine waliogelea wakijizungusha kama skrubu, nyuma yao wakiburuta kinyesi cheupe kama uzi. Hadi saa nne asubuhi alikuwa ameopoa mia mbili waliokufa.

Fidencio alidhani ni chakula kibovu. Akatafuta dawa ya kuua bakteria, akawachanganyia. Haikusaidia kitu. Siku ya tatu walikufa kwa maelfu.

Siku hiyohiyo alipanda kuja kwao Abundio, kaka yake Eulalia, ambaye mabwawa yake yako chini kidogo kwenye kijito hichohicho. Aliweka ndoo miguuni pa dada yake. Ndani kulikuwa na vifaranga waliokufa.

"Dada, umemwaga nini kwenye maji?"

"Sijamwaga kitu. Wangu nao wanakufa."

"Basi hawa wamekufa kwa kucheka," alisema Abundio, akaondoka bila kuaga.

Eulalia hakungoja zaidi. Alimpigia simu Marisela, daktari wa samaki wa wilaya. Marisela alifika mchana na gari lake. Kabla ya kuingia alivaa mabuti ya mpira, akayasugua kwa maji yenye dawa. Kisha akaomba vifaranga wanaoumwa lakini bado wako hai, kwa kuwa waliooza hawafai kupimwa. Aliwafunga kwenye mifuko, akaiweka kwenye boksi la barafu, akaondoka nao kwenda maabara. Alisema majibu yatachukua siku chache. Kwa sasa asitoke samaki, wala wavu, wala ndoo.

Keshokutwa yake lilikuja lori lenye tangi la maji. Mwenye lori alitoka ng'ambo ya mlima. Alichungulia hodhini, akaona vifaranga kama elfu tatu waliobaki wakiogelea vizuri. Akasema anawanunua wote, leo hii.

Fidencio alimvuta mkewe pembeni. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ndiyo bahati yao. Waliokufa wamekufa, hawa wamepona, na majibu hayajatoka.

Eulalia aliwaza mabwawa ya yule mtu, na watu wanaokaa chini yake wanaotumia maji hayohayo. Alirudi kwa mwenye lori.

"Samaki wangu wanaumwa," alimwambia. "Sijui ni nini. Siwezi kukuuzia."

Mwenye lori alimtazama, akamtazama Fidencio, akarudisha wavu wake ndani ya lori. "Ahsante, mama," alisema, akawasha gari.

Kesho yake Marisela alipiga simu. Vilikuwa virusi vinavyoshambulia kongosho la samaki wachanga. Eulalia aliketi kwenye ukingo wa hodhi. Sasa adui alikuwa amejulikana, naye alitaka kuanza kupigana naye mara moja.

Jumapili iliyofuata wenye mabwawa wote sita wa kijito walikutana nyumbani kwa Abundio. Marisela aliwaeleza polepole. Virusi hivi havina dawa. Dawa ya bakteria haiviwezi. Samaki aliyepona anaonekana mzima, lakini anaweza kubaki navyo maisha yake yote na kuvimwaga majini. Vinasafiri kwa maji, kwa mayai, kwa nyavu, kwa mabuti, hata kwa miguu ya ndege.

"Na sisi tunaokula?" aliuliza Abundio.

"Havimdhuru mtu. Samaki wakubwa waleni."

Ndipo Fidencio akasimama. Alikiri kwamba mwaka huu alinunua mayai kwa mchuuzi wa njiani asiye na cheti, kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu. Eulalia alitazama chini. Abundio alikohoa.

"Na mimi wavu wa dada niliuazima wiki ile," alisema. "Sikuusafisha."

Kuanzia hapo hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Walipanga siku moja ya kuanza, kwa sababu bwawa moja likibaki na virusi, yote yatarudi kuumwa. Vifaranga wote walitolewa, wakazikwa kwenye shimo refu mbali na kijito, wakafunikwa kwa chokaa. Trauti wakubwa walipasuliwa na kuokwa, matumbo yakazikwa. Watu walikula mpaka wakachoka, kwa tortila na pilipili mbichi.

Kisha walikausha mabwawa. Walivaa glavu, wakasugua kuta, wakapaka chokaa, wakayaacha juani mwezi mzima. Nyavu nazo walizilowesha kwenye dawa na kuzianika. Kila bwawa lilipewa wavu wake. Kila lango liliwekewa beseni la dawa ya kukanyaga. Fidencio mwenyewe alitandaza bomba kutoka chemchemi ya mwambani, ambako hakuna samaki, hadi kwenye mahodhi ya vifaranga.

Mayai mapya yalitoka kwa mzalishaji ambaye samaki wake wazazi hupimwa. Fidencio alikisoma cheti mara mbili kabla ya kupokea boksi. Mayai yalipoanguliwa, Eulalia aliita nyumba nzima ije kuona. Alihesabu siku. Ya kumi ikapita. Ya thelathini ikapita. Waliokufa walikuwa wachache, kama ilivyo kawaida. Mwezi wa tatu Marisela alichukua vifaranga kutoka kila bwawa, akawapeleka kupima.

Simu ililia Eulalia akiwa anafua. Alisikiliza, akaacha nguo kwenye karai, akateremka mbio kufuata kijito, mikono ikiwa bado na povu. Abundio alimwona akija, akasimama.

"Vipi?"

"Safi," alisema Eulalia akihema. "Yangu, yako, ya wote sita."

Abundio alimshika dada yake mabega, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akapanda juu ya ukuta wa bwawa, akampigia kelele jirani wa chini. Jirani naye akamwita wa chini yake. Habari ikateremka hivyo, nyumba hadi nyumba, mpaka mwisho wa kijito.