Chupa ya Mbinya

Chupa ilikuwa imetoka kwenye friji punde tu, lakini kiganjani mwa Kasyoki ilikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

Ilikuwa saa sita mchana, katika maabara ndogo mjini Machakos. Chupani mlikuwa na mkojo wa bintiye Mbinya, mwenye umri wa miaka sita, aliyelazwa wodini. Laban, babake, alikuwa ameyeyusha betri kuukuu za magari uani kwao Kalama, na moshi ukaingiza madini ya risasi mifupani mwa mtoto. Baba alikula zabibu kali, meno ya mwana yakatiwa ganzi. Sasa Mbinya alikuwa akipewa dawa ambayo molekuli zake ni kama vizimba: kila kimoja huizingira chembe moja ya risasi, huifunga, na kutoka nayo kwa mkojo.

Kasyoki akachukua asidi. Ndiyo desturi ya kazi yao: ili mashine ihesabu risasi, sharti kwanza asidi ivunje vizimba.

“Mwaitu,” chupa ikanong’ona kwa sauti ya Mbinya. “Mama, nifungulie.”

Deeqa, mwenzake wa maabara, aliweka kalamu chini polepole. “Dada, usimwage hiyo asidi.”

“Umesikia pia?”

“Nimesikia. Huyo si mtoto. Nabii Suleimani aliwafunga majini wa namna hiyo chupani. Aliyefungwa, wewe usimfungue.”

“Daktari anangoja hesabu ndipo aandike dozi. Nimwambie nini, mkojo unaongea?”

“Mwambie umemwagika. Kesho tuchukue mwingine.”

“Kesho anaweza kupatwa na degedege tena, Deeqa. Wewe hukumshika.”

Mtu ambaye hajamshika mwanawe akitetemeka asimhukumu. Kasyoki alitia matone matatu, na harufu ya chuma kilichoungua ikapanda, ikajaza chumba, ikapita katikati yao kama mtu anayejua njia ya mlango, na madirisha yote yakatetemeka ingawa nje hapakuwa na upepo, hata kukawa kimya, na mashine ikaandika sifuri, kana kwamba risasi yote imetoka na harufu ile.

Imenenwa kwamba pepo mchafu amtokapo mtu hutangatanga penye ukame akitafuta pumziko, na asipolipata huazimia kurudi kwenye nyumba alimotoka, akiwachukua wenzake saba.

Simu ikalia. Alikuwa Laban, akipiga kutoka wodini.

“Mama Mbinya, ameamka. Ameketi, anacheka.” Kisha akashusha sauti. “Lakini sauti ni nyingi. Wanasema wameikuta nyumba imefagiwa, na wanakushukuru wewe.”